Vilindi vya Bahari Vina Wenyewe, na Sisi wa Dodoma Tumo

Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni, Bunge la bajeti linapokaa, mji wetu hubadilika. Nyumba za wageni hujaa, foleni huongezeka, na kila jioni kwenye taarifa ya habari tunasikia makadirio ya wizara moja baada ya nyingine yakisomwa hapahapa: kilimo, maji, madini, mifugo na uvuvi. Kwa hiyo mtu akiniuliza bahari ya Tanzania inaamuliwa wapi, namjibu Dodoma. Bandari ziko Tanga, Dar es Salaam na Mtwara, na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu iko Zanzibar. Lakini sheria zinapitishwa hapa, mafungu ya fedha yanagawiwa hapa, mikataba ya kimataifa inaridhiwa hapa, kwenye uwanda ulio zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari.

Nalisema hili kwa sababu kuna uamuzi mkubwa unaopikwa duniani kuhusu sakafu ya bahari, na sijausikia ukijadiliwa kwenye vijiwe vyetu wala kwenye madarasa yetu. Yapo makampuni, na yapo mataifa, yanayotaka kuanza kuchimba madini katika vilindi, kilomita nne au tano chini ya maji. Maoni yangu nayaweka wazi mapema: Tanzania isimame pamoja na nchi zinazotaka uchimbaji huo usubiri, iseme hivyo bila kumung'unya maneno, na wakati wa kusubiri igharamie vijana wake wakavijue vilindi hivyo.

Nafundisha jiografia sekondari. Kwenye kikao cha wazazi mzee mmoja wa upande wa Bahi alitazama mchoro wa sakafu ya bahari uliobandikwa ukutani, akaniambia, "Mwalimu, sisi na bahari wapi na wapi? Hawa watoto wafundishe kuvuna maji ya mvua." Nikamjibu, "Mzee wangu, hiyo mvua yenyewe inatoka huko." Hakuridhika, na sikumlaumu, maana jibu langu lilikuwa fupi mno kwa jambo zito kama hilo.

Jibu lenyewe ni hili. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na mwaka wa kawaida hatufiki hata milimita 700. Sehemu kubwa ya unyevu wake huletwa na pepo kutoka Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu wa bahari hiyo yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, Afrika Mashariki hunyeshewa kupita kiasi. Ilitokea mwishoni mwa 2019. Ikatokea tena mwishoni mwa 2023, safari hii pamoja na El Niño, na Desemba ya mwaka huo ndipo tope la Mlima Hanang liliposhuka na kuua watu Katesh, jirani zetu kabisa. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na gesi tunazorusha angani limemezwa na bahari, na linaendelea kushuka chini. Tunalijua hilo kwa sababu kuna vyombo karibu 4,000 viitwavyo Argo vinavyoelea katika bahari zote za dunia. Kila baada ya siku 10 kila kimoja huzama mpaka mita 2,000, kikapanda kikipima joto na chumvi, kikafika juu na kutuma taarifa kwa setilaiti. Utabiri wa msimu anaousikiliza mkulima wa Kongwa kabla ya kupanda mtama unategemea vipimo vya bahari vya namna hiyo.

Sisemi kwamba mtambo ukichimba Pasifiki leo, mtama wetu utakauka kesho. Hakuna anayeweza kusema hivyo kwa haki. Nasema tu kwamba bahari ya chini si ya watu wa pwani peke yao.

Na hiyo bahari ya chini hatuijui. Hapa nataka nikae kidogo. Wastani wa kina cha bahari duniani ni kama mita 3,700. Ukishapita mita 200 mwanga wa jua unakuwa hafifu, na ukipita 1,000 ni giza tupu, mchana na usiku. Kila mita 10 unazoshuka kanieneo inaongezeka kwa angahewa moja, hivyo kwenye mita 4,000 kiumbe anabeba kanieneo mara 400 ya hii tunayoishi nayo juu. Binadamu alifika sehemu ya chini kuliko zote, karibu mita 10,900 katika mfereji wa Mariana, tarehe 23 Januari 1960, pale Jacques Piccard na Don Walsh waliposhuka na chombo kilichoitwa Trieste. Ni zaidi ya miaka 60 sasa. Ungedhani tangu hapo tumeshamaliza kazi. Utafiti uliotolewa mwaka 2025 ulijumlisha picha na video zote zinazojulikana za sakafu ya vilindi, ukakuta kwamba eneo ambalo macho ya binadamu yameliona halifiki asilimia 0.001. Kwa kilomita za mraba ni kama 3,800. Mkoa wa Dodoma una zaidi ya 41,000. Maana yake, katika sakafu yote ya vilindi vya dunia nzima, tumeona eneo lisilofika hata sehemu ya kumi ya mkoa huu mmoja. Tena karibu safari zote hizo zilifanywa na nchi tano tu: Marekani, Japani, New Zealand, Ufaransa na Ujerumani.

Kila tulipodhani tunajua, bahari imetukanusha. Katika miaka ya 1840 Edward Forbes, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza aliyeheshimika, alishikilia kwamba chini ya mita 550 hivi hakuna uhai. Alikuwa amevua kwenye Bahari ya Aegean na kuona viumbe wakipungua kadiri alivyoshuka, akapiga mstari. Meli ya Challenger ilipozunguka dunia kati ya 1872 na 1876 ilivua viumbe mpaka kina cha maelfu ya mita, na mstari ule ukafutika.

Mwaka 1977 likaja kubwa zaidi. Wanajiolojia walishuka na nyambizi ndogo iitwayo Alvin karibu na visiwa vya Galápagos, kama mita 2,500 chini, kutafuta chemchemi za maji moto. Walikwenda kwa ajili ya mawe na maji. Hawakuwa na mtaalamu wa viumbe hata mmoja. Wakakuta bustani. Chaza wakubwa, kaa weupe, na minyoo inayoishi ndani ya mirija, mingine mirefu kuliko mtu, isiyo na mdomo wala tumbo. Ndani ya minyoo hiyo wanaishi bakteria wanaochukua hidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza ambayo kwetu ni sumu, na kuitumia kutengeneza chakula, pasipo jua. Tangu shule ya msingi tulifundishwa kwamba mnyororo wa chakula huanza na jua. Huko chini unaanza na maji moto yanayotoka kwenye ufa wa ardhi. Nikifika hapa darasani huwa sihitaji kuwaambia wanafunzi wanyamaze.

Wengi wakisikia habari hizi hudhani ni za Amerika na Pasifiki. Hapana. Katika Bahari yetu ya Hindi, kusini-mashariki ya Morisi, mwaka 2001 watafiti walimkuta konokono kwenye chemchemi kama hizo, zaidi ya mita 2,400 chini, ambaye mguu wake umefunikwa na magamba yenye madini ya chuma. Hajulikani mnyama mwingine aliye hai anayejenga mwili wake kwa chuma namna ile. Hatafuti chakula, bakteria walio ndani ya tezi ya koo lake humlisha. Anaishi kwenye chemchemi chache tu, ambazo maeneo yake yakijumlishwa ni madogo sana. Mwaka 2019 aliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, akiwa wa kwanza duniani kuorodheshwa kwa sababu ya tishio la uchimbaji wa vilindini. Madini yanayomkinga ni ndugu wa yale yanayotafutwa kwenye chemchemi zake. China, Korea Kusini, Ujerumani na India zote zina mikataba ya kutafiti madini ya aina hiyo katika matuta ya Bahari ya Hindi. Hakuna nchi hata moja ya Afrika yenye mkataba kama huo.

Karibu zaidi na sisi kuna silikanti. Samaki huyu alidhaniwa ametoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini Desemba 1938 na kutambuliwa na Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ndogo ya mji wa East London. Kwetu alipatikana Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003, kisha kuanzia 2004 wavuvi wa Tanga wakaanza kumnasa mara kwa mara kwenye majarife yaliyotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake Tanga. Utafiti wa 2021 unaonyesha anaweza kuishi karibu miaka 100 na kwamba ujauzito wake huchukua takriban miaka mitano. Mitano! Samaki wa namna hii ukimpunguza, kizazi chako hutakiona kikirudi. Alikuwapo pwani yetu muda wote huo, na sayansi ilimjua kwa sababu tu nyavu zilishuka kina ambacho hazikuwa zikifika.

Sasa tuje kwenye hayo madini. Yanayotamaniwa zaidi yako Pasifiki, kati ya Hawaii na Mexico, kwenye tambarare iliyo mita 4,000 hadi 5,500 chini. Huko sakafuni yametapakaa madonge meusi yenye ukubwa wa kiazi mbatata, yenye manganizi, nikeli, kobalti na shaba. Donge moja huanza kuzunguka kitu kidogo, pengine jino la papa, na kukua milimita chache kwa miaka milioni moja. Nawaomba wasomaji wausome tena mwendo huo: milimita chache, miaka milioni. Juu ya madonge hayo huota sponji na matumbawe, kwa kuwa pengine pote ni tope laini na hapo ndipo penye kitu kigumu cha kushika. Mwaka 2023 wanasayansi walikadiria kwamba eneo hilo lina zaidi ya spishi 5,000, na kwamba karibu tisa katika kila kumi hazijawahi kupewa jina la kisayansi. Ukiliondoa donge, umeiondoa nyumba.

Je, uhai haurudi? Mwaka 1989 watafiti wa Ujerumani walilijaribu swali hilo kwa vitendo. Walikokota jembe lenye upana wa mita 8 kwenye sakafu ya bahari upande wa Peru, zaidi ya mita 4,000 chini, kisha wakawa wanarudi kutazama. Baada ya miaka 26 mifereji ilikuwa bado inaonekana na viumbe wengi hawajarudi kama walivyokuwa. Kule kwenyewe kati ya Hawaii na Mexico kulifanyika jaribio dogo la mtambo mwaka 1979, na watafiti waliorudi miaka 44 baadaye walikuta alama za mtambo zipo. Baadhi ya viumbe wadogo wameanza kurudi, nalikubali. Lakini jaribio lile lilikuwa la siku chache. Mgodi wa kweli unapangwa kufanya kazi kwa miaka mingi, ukifuta maelfu ya kilomita za mraba na kutimua tope litakalosafiri na mikondo mbali na pale lilipochimbwa.

Kwa nani? Hapa ndipo nasema vilindi vina wenyewe. Novemba 1967 balozi wa Malta, Arvid Pardo, alisimama Umoja wa Mataifa akadai sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi iwe urithi wa pamoja wa binadamu. Hoja hiyo ikaingia katika Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982. Mkataba unasema wazi kwamba manufaa ya eneo hilo ni ya binadamu wote, wenye pwani na wasio nayo, kwa kujali hasa nchi zinazoendelea. Mrundi yumo. Mzambia yumo. Mzee wangu wa Bahi yumo.

Na Tanzania haikuwa mtazamaji. Tume ya maandalizi iliyoundwa ili kuijenga Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, inayosimamia madini ya eneo hilo na yenye makao Kingston, Jamaika, ilipoanza kazi mwaka 1983 mwenyekiti wake alikuwa Joseph Sinde Warioba, kabla hajawa Waziri Mkuu. Baadaye akawa miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg, na James Kateka, Mtanzania mwingine, akaingia mahakama hiyohiyo 2005. Watanzania walikuwa mezani sheria hii ilipokuwa ikipewa meno. Inaniuma kuona wanafunzi wangu wanamjua Mzee Warioba kwa mambo ya Katiba peke yake. Hili nalo linastahili kusimuliwa.

Sheria hiyo sasa inatikiswa. Aprili 2025 Rais wa Marekani, nchi ambayo haijaridhia mkataba huo, alitia saini amri ya kuharakisha uchimbaji wa madini ya vilindini, pamoja na yaliyo nje ya mipaka ya nchi yoyote. Kampuni ikaomba leseni Marekani badala ya Kingston, ambako kanuni za uchimbaji bado zinajadiliwa. Mali iliyotangazwa kuwa ya wote inaweza kuchukuliwa na mwenye meli kwa kibali cha serikali moja. Nchi zaidi ya 30 zimeshasema uchimbaji usimame au usubiri. Nataka kusikia sauti ya Dodoma humo.

Zipo hoja za upande wa pili na sizidharau. Wanasema dunia inahitaji nikeli na kobalti kwa betri za magari ya umeme, na kwamba ni afadhali kuchimba kusikoishi mtu kuliko kufukua misitu na kuhamisha vijiji. Aliyeona mashimo ya migodi yaliyoachwa wazi hawezi kuipuuza hoja hiyo. Ila betri zenyewe zinabadilika: sehemu kubwa ya magari ya umeme yanayouzwa sasa hutumia betri za chuma na fosfati, zisizo na nikeli wala kobalti. Tena hakuna aliyeahidi kufunga mgodi mmoja wa nchi kavu ule wa baharini ukifunguliwa. Itakuwa juu ya ule, huu.

Tuangalie pia mfuko wetu. Tanzania ina nikeli Kabanga, wilayani Ngara, na hata hapa mkoani kwetu, Haneti, imekuwa ikitafutwa. Jirani zetu wa Kongo wanatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, na Zambia inaishi kwa shaba. Madonge ya Pasifiki yakimwagwa sokoni, bei ya vitu hivyo hivyo ndiyo itakayoshuka. Waliouandika mkataba wa 1982 waliliona hilo, wakaweka vifungu vya kulinda nchi zinazoendelea zinazochimba nchi kavu, na nchi za Afrika zimekuwa zikilidai jambo hilo Kingston. Kwa hiyo anayedhani kutetea vilindi ni anasa ya watu waliokwisha shiba, aje tuongee hesabu.

Kusubiri nako kusiwe kukaa. Mwaka 2019 Rais wa Shelisheli wakati huo, Danny Faure, alishuka kwa nyambizi ndogo mita 124 chini ya bahari ya nchi yake, akahutubia dunia moja kwa moja kutoka huko kuomba bahari ilindwe. Shelisheli nzima ina watu laki moja na ushee. Sensa ya 2022 iliihesabu Jiji la Dodoma peke yake zaidi ya laki saba. Udogo haukuwazuia.

Sisi tuna nini? Tuna Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, ambayo makao yake yako hapa mjini tangu enzi za ukoloni. Tuna Chuo Kikuu cha Dodoma chenye wanafunzi wa sayansi za ardhi, na Chuo cha Madini. Vijana hawa wanajifunza juu ya majabali yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ilhali sehemu kubwa ya sakafu ya bahari haijafika milioni 200. Bonde la Ufa liko hapo Bahi, na matetemeko yake tunayasikia mpaka vitandani. Mwanafunzi anayeweza kusoma ufa wa Bahi anaweza kusoma ufa ulio chini ya Bahari ya Hindi, akipewa meli na kitanda cha kulala ndani yake. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Zanzibar na ya utafiti wa uvuvi iko Dar es Salaam. Kinachohitajika ni kuwaunganisha hawa wa mawe na wale wa samaki, na kuweka fungu la fedha la kudumu badala ya kungoja meli za wageni zipite na kutualika mtu mmoja au wawili.

Jambo jingine halina gharama kubwa. Gesi yetu nyingi iligunduliwa vilindini, kama Zafarani mwaka 2012, kwenye maji yenye kina cha zaidi ya mita 2,000. Uchimbaji wa namna hiyo huongozwa kwa roboti zenye kamera. Sakafu ya bahari ya Tanzania ilionekana kwenye skrini za mafundi. Picha hizo zikusanywe, zihifadhiwe na taasisi ya umma, na zionyeshwe mashuleni. Nawataka wanafunzi wangu waone samaki wa kwao wa mita 2,000 chini, badala ya kuchora mstari unaoshuka na kuandika "sakafu ya bahari".

Makadirio ya wizara yatasomwa tena. Nimemwandikia mbunge wetu barua yenye maswali matatu na kuipeleka ofisini kwake: msimamo wa Tanzania kuhusu uchimbaji wa vilindini utakaotolewa Kingston ni upi, ni fedha kiasi gani zimetengwa kwa utafiti wa bahari ya kina kirefu, na picha zilizopigwa chini ya bahari yetu na watafuta gesi zinahifadhiwa wapi. Nawaomba na wenzangu wa Mpwapwa, Kondoa, Chamwino na Manyoni wawaulize wa kwao maswali hayo hayo kabla kikao cha bajeti hakijaanza.